Kwa nini padre huvaa nyekundu Desemba 26?

Hajakosea kanzu, ndugu. Desemba 26 ni sikukuu ya Stefano, shahidi wa kwanza aliyeuawa kwa ajili ya Kristo, ndiyo maana nyekundu, rangi ya damu, na somo (Matendo 6 na 7) linaishia akipigwa mawe wakati pilau la Krismasi bado lipo jikoni. Tarehe 27, Yohane Mtume, nyeupe inarudi. 28 nyekundu tena, Watoto Mashahidi waliouawa na Herode. Mojawapo ya siku hizi ikiangukia Jumapili, sikukuu ya Familia Takatifu inachukua nafasi. Toka 27 somo la kwanza ni Waraka wa Kwanza wa Yohane, kidogo kidogo. Mimi nampenda zaidi nabii Ana wa Injili ya tarehe 30, mjane wa miaka 84 asiyebanduka hekaluni. Na wimbo wa Utukufu kwa Mungu huimbwa kila siku hadi Januari 1, hata mkiwa wachache.