Visiwa Vidogo Kwenye Michezo Mikubwa: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, katika gwaride la ufunguzi wa Olimpiki huwa naona nchi za visiwani ambazo watu wake wote hawajazi hata kata moja ya Dar es Salaam. Je, wachezaji wao hufuzu kweli, au huingizwa kwa hisani tu? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Wapo wanaofuzu kwa viwango vyao wenyewe, na wapo wanaoingia kwa nafasi maalumu ambazo kanuni huzitenga ili kila taifa lenye kamati ya Olimpiki lipate angalau mshiriki. Katika riadha, nchi isiyo na mwanariadha aliyefikia kiwango huruhusiwa kumwingiza aliye bora miongoni mwa wake, ingawa si katika kila mbio. Kuogelea nako kuna utaratibu unaofanana na huo. Tuvalu, nchi ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki yenye watu wapatao 11,000, ilishiriki kwa mara ya kwanza Beijing mwaka 2008, na mwaka 2016 kule Rio de Janeiro ilikuwa na mchezaji mmoja tu, Etimoni Timuani, mkimbiaji wa mita 100 ambaye nyumbani alikuwa akicheza mpira wa miguu. Kwao, uwanja wa ndege wa Funafuti, mji mkuu, hugeuka kiwanja cha michezo jioni, kwa sababu katika kisiwa chembamba kiasi kile hakuna ardhi nyingine tambarare ya kutosha.

Hata hivyo, nafasi hizo hazimpeleki mtu moja kwa moja mbele ya mabingwa. Katika mita 100 kuna mchujo wa awali unaofanyika asubuhi, viti vingi vikiwa bado vitupu, na anayeshindwa hapo anakuwa amemaliza Olimpiki yake kabla vigogo hawajavaa viatu vya kukimbilia. Kwa maoni yangu neno hisani halimtendei haki mtu huyo. Kanuni imempa mstari wa kukimbilia, lakini haijampunguzia hata mita moja.

SWALI: Mwaka 2024 kisiwa cha Saint Lucia kilipata dhahabu ya mita 100 kwa wanawake, ilhali Tanzania, pamoja na wingi wetu, ina medali mbili tu za Olimpiki, zile za Moscow. Wenzetu wametuzidi nini? (Mwalimu wa michezo, Singida)

JIBU: Mwalimu, medali unazozikumbuka ni fedha za mwaka 1980, ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Saint Lucia yenye watu wapatao 180,000 haikuwa na medali yoyote hadi jioni ya tarehe 3 Agosti 2024 jijini Paris, ambapo Julien Alfred alikimbia kwa sekunde 10.72 juu ya njia ya kukimbilia iliyolowa mvua, akamwacha Sha'Carri Richardson wa Marekani kwa sekunde 0.15, pengo ambalo katika mbio fupi kama hizo ni kubwa. Alipovuka mstari alibandua karatasi ya jina kifuani na kuiinua juu. Siku chache baadaye aliongeza fedha ya mita 200. Jioni ile ile ya tarehe 3, Thea LaFond wa Dominica, kisiwa chenye watu wapatao 70,000, alitwaa dhahabu ya miruko mitatu kwa mita 15.02.

Lakini tazama njia walizopitia. Alfred aliondoka kwao akiwa na miaka 14 kwenda kusoma sekondari Jamaika, ambako mashindano ya mbio ya shule hujaza uwanja wa taifa, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Texas huko Marekani. LaFond alihamia Marekani akiwa mtoto mdogo. Kwa hiyo visiwa hivyo havikuwazidi Watanzania kwa viwanja wala kwa pesa. Vilichokuwa nacho ni ujirani: lugha moja na Jamaika, na vyuo vya Marekani vinavyowasaka wakimbiaji wa Karibi na kuwalipia masomo. Kipaji kilikuwa cha nyumbani, na kiwanda kilikuwa cha jirani.

Iko pia njia ya Nauru, kisiwa cha Pasifiki, ambayo mimi naiona inafaa zaidi kuchunguzwa na mwalimu wa shule isiyo na uwanja wa kisasa. Nauru ina ukubwa wa kilomita za mraba 21 tu, nayo ilichagua kunyanyua vyuma, mchezo unaohitaji chumba, vyuma na mwalimu mvumilivu. Marcus Stephen alishinda dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Auckland mwaka 1990, na hadi mwaka 1998 alikuwa amefikisha dhahabu saba. Mwaka 1992 alilazimika kushiriki Olimpiki kwa bendera ya Samoa kwa kuwa Nauru haikuwa na kamati inayotambuliwa. Ilipotambuliwa, alikwenda Atlanta mwaka 1996 kwa bendera ya kwao. Baadaye, kuanzia 2007 hadi 2011, alikuwa rais wa nchi.

SWALI: Kama Guam na Bermuda zinashiriki Olimpiki ilhali si nchi huru, kwa nini Zanzibar isishiriki kwa bendera yake? (Msomaji, Mkoani, Pemba)

JIBU: Tofauti ni tarehe. Tangu mwaka 1996 Mkataba wa Olimpiki unatambua kamati mpya za nchi huru tu zinazokubaliwa na jumuiya ya kimataifa, na zilizoingia kabla ya hapo ziliachwa zilivyo. Guam, iliyo chini ya Marekani, iliingia mwaka 1986. Bermuda, iliyo chini ya Uingereza, ilitangulia zaidi, ndiyo maana dhahabu ya Flora Duffy katika mashindano ya Tokyo yaliyofanyika mwaka 2021 ilihesabiwa kuwa ya Bermuda. Mpira wa miguu ulikwisha kuipa Zanzibar jibu la namna hiyo: Machi 2017 ilipokewa na CAF, shirikisho la mpira wa miguu la Afrika, kama mwanachama kamili, na Julai mwaka huo huo uanachama huo ukafutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Kwa kanuni zilivyo sasa, Mzanzibari anayetaka Olimpiki hupitia Kamati ya Olimpiki ya Tanzania.