Mwanangu, kuhusu zambarau yako

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza jambo moja tu: kipeperushi cha mvinyo wako ukichapishe hapa Dodoma au ukipeleke Dar. Nitafika huko. Kwanza, faili lenyewe liko tayari? Nimelifungua kwenye simu ya mdogo wako, na ile picha ya shamba la Hombolo naijua, ndiyo uliyoturushia kwenye kundi la familia wakati wa Pasaka. Picha iliyopita WhatsApp imeshabanwa. Kwenye simu inang'aa, ila mchapaji anataka nukta 300 kwa inchi, kwa ukubwa uleule itakaochapwa. Mtafute aliyeipiga akupe yenyewe.

Mnanicheka nikisema hivi, lakini nasema tena: skrini husifia, karatasi haisifii. Skrini inapata rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu. Mashine inazipata kwa wino: samawati, majenta (ile nyekundu ya waridi), njano na nyeusi. Rangi yako ya zambarau kwenye kipeperushi, inayowaka vile, haipatikani kwa wino hizo nne. Mbunifu aibadilishe iwe ya wino sasa, uione ikipoa ukiwa umekaa naye, kuliko kuja kuiona imepoa kwenye nakala elfu mbili.

Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mzee wa Mpunguzi. Baba yako alikuwa akimwiga mpaka mnalala kwa kucheka, lakini baba yako hakuwepo. Mimi nilikuwepo, pale kwenye kiwanda cha uchapaji, nasoma prufu, zile karatasi za majaribio kabla ya kuchapa zote, dada yako yuko mgongoni. Mzee alikuja kutazama karatasi ya kwanza kutoka mashineni, ya kutangaza zabibu zake, na kikapuni alikuwa na kishada. Bosi akampa kalamu asaini. Hakusaini. Alilaza kishada juu ya karatasi, akatazama, akabeba vyote viwili akatoka nje juani. Bosi akasema kwa sauti, tunasikia wote, kwamba ndiyo shida ya kufanya kazi na watu wa shamba. Babu yako alikuwa mtu wa shamba, na bosi alijua. Mpaka leo nikilikumbuka lile neno kifua kinabana.

Mzee akarudi, hana haraka. "Chini ya taa zenu zinafanana," akasema. "Huko nje, zangu ni zabibu, zenu ni damu." Fundi wa mashine akatoka kutazama. Kweli, majenta ilikuwa imezidi! Akaipunguza, akatoa karatasi nyingine, na nyingine, mpaka mzee akaridhika, akasaini kwa herufi kubwa na kutuachia kishada. Aliyekula nyingi kuliko wote ni bosi.

Utasema siku hizi kuna programu, na rangi zinapimwa kwa vifaa. Ni kweli, sibishi. Nabisha kidogo tu: kifaa hakijui zabibu zako.

Mengine mbunifu wako anapaswa kuyajua, wewe muulize tu. Rangi ya pembeni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo utaona ukingo mweupe. Ukikunja A4 sehemu tatu, ile inayoingia ndani iwe nyembamba kidogo, milimita 97 kwa 100 na 100, isije ikajikunja. Fonti, yaani aina za herufi, ziingizwe ndani ya PDF. Namba ya simu iliyoandikwa mtu mwingine aipige kuhakikisha ni sahihi, si wewe.

Sasa Dar. Huko mashine ni nyingi na kwa bei unaweza kubishana. Tangu treni ya umeme ianze 2024, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini utakwenda kweli kutazama prufu, au utakubali kutumiwa kwenye simu? Nakujua. Ila na hapa napo ukiwapelekea haraka haraka utasaini ukiwa umesimama mlangoni. Tena kama ni nakala mia tatu, mashine ya dijitali ya hapahapa inatosha, pleti za ofseti, zile bamba za mashine kubwa, za nini? Mtaji ni wako, uamuzi ni wako. Ingekuwa mimi... basi, naacha.

Halafu ukurasa wa nyuma mmeandika "Karibuni kuonya mvinyo wetu". Rekebisheni kabla hamjampelekea mtu yeyote.

Mama yako