Ziwa la mlimani na familia: maswali yenu, majibu yangu

Msimu wa likizo ukikaribia, barua za kambi na mashua huongezeka. Safari hii nimezikusanya zile zinazohusu maziwa ya milimani, kwa kuwa ziwa la juu lina tabia zake, na anayelizoea bwawa au ufukwe wa joto huchelewa kuzijua. Nimefupisha maswali, lakini sijabadili maana.

Mwanangu ana miaka saba na bwawani anaogelea kama samaki. Mashua tutakayokodi ni pana na imetulia. Jaketi okozi avae muda wote, au inatosha liwe karibu naye? – Mama wa watoto watatu

Avae, mama. Avae kabla hajainua mguu kuingia mashuani, na asilivue mpaka akanyage nchi kavu. Nawe uvae, na baba yake avae.

Bwawa analolijua mwanao lina maji ya uvuguvugu na ukingo wa kushika. Maji ya ziwa la mlimani hushuka kutoka kwenye theluji na vijito vya juu. Mchana wa jua kali, maji ya juujuu yanaweza kukudanganya kwa joto lake, kumbe kina cha mita chache tu chini yake kina baridi ya kukata. Mtu akitumbukia ghafla kwenye baridi hiyo, mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila kumwomba ruhusa. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anachovuta ni maji. Ustadi wa kuogelea haumsaidii, kwa sababu hajapata hata nafasi ya kuogelea.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu kwenye baridi, hufundisha hesabu ya 1-10-1. Dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, kisha kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Ni makadirio ya maji yenye baridi kali, lakini itazame vizuri hiyo 10 ya katikati. Baada ya hapo vidole vinakuwa vizito kiasi kwamba hata kushika kamba uliyotupiwa ni kazi. Jaketi ndilo linalokuvusha dakika ya kwanza, na ndilo linaloshikilia kichwa chako juu wakati mikono imeshagoma.

Wanaosema "nitalivaa mambo yakiharibika" nawaomba wafanye nilichofanya mimi. Nilisimama kwenye maji ya kiunoni, hakuna wimbi, hakuna hofu, nikajaribu kulivaa. Lilinikimbia mikononi mara tatu kabla sijapitisha mkono wa pili. Na hapo nilikuwa nimesimama.

Sasa saizi. Mfunge mtoto vifungo vyote, mwambie anyooshe mikono juu, kisha shika jaketi mabegani ulivute kwenda juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Majini litapanda hivyohivyo na yeye atateleza kutoka chini yake. Usimnunulie la "atakua nalo", hiyo ni hesabu ya sare za shule. Kwa mtoto mdogo tafuta lenye kola inayoinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu.

Tulifika asubuhi, ziwa limetulia kama kioo. Tukasema tupumzike, tule, mchana ndiyo tutoke. Tulirudi tumelowa chapachapa na watoto wanalia. Ilikuwa bahati mbaya tu? – Baba wa mapacha

Haikuwa bahati mbaya, ndugu yangu. Ndivyo milima inavyopumua siku za jua. Asubuhi jua linaanza kuzipasha joto nyuso za miteremko. Hewa iliyopata moto inapanda, na hewa ya bondeni inavutwa juu kujaza nafasi yake. Kadiri mchana unavyosogea, upepo huo unaongezeka, na ziwa refu lililobanwa kati ya milima miwili hugeuka kuwa kama bomba la kuupitisha. Usiku mambo hugeuka, hewa baridi inateremka kutoka juu.

Kwa hiyo toka mapema. Saa 12 na nusu asubuhi watoto wana usingizi, najua, lakini wavalishe masweta uwatoe. Ikifika saa 5, uwe umeanza kurudi.

La pili, anza safari kwa kwenda upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Unapiga makasia ukiwa na nguvu, na kurudi upepo unakusukuma nyumbani. Mimi nilifanya kinyume mwaka mmoja nikiwa na wanangu wawili. Upepo ulikuwa nyuma yetu, tukateleza bila jasho hadi kwenye ghuba yenye mchanga mweupe, dakika 20 hivi. Tulipogeuza omo, yaani pua ya mashua, ndipo nikaujua ule upepo. Ufukweni kulikuwa na jiwe moja jeupe. Nikapiga makasia, nikahesabu hamsini, nikatazama. Jiwe liko palepale. Nikapiga tena hamsini. Palepale. Binti yangu mkubwa akaacha kuzungumza, nami nilijua kwa nini. Tuliokolewa na kuukumbatia ukingo: tulisogea karibu na nchi kavu ambako miti ilizuia upepo kidogo, tukajivuta ghuba kwa ghuba kwa muda wa karibu saa mbili. Tangu siku hiyo sivuki katikati ya ziwa nikiwa na watoto kama naweza kupita pembeni. Njia ni ndefu zaidi, ndiyo. Pita pembeni.

Mashua ikipinduka tuogelee kwenda ufukweni? Huwa unaonekana uko karibu. – Msomaji mpya

Hapana. Kaeni na mashua. Nyingi huendelea kuelea hata zikijaa maji, na anayetafuta watu huona mashua kabla hajaona kichwa. Mliokaribiana pandeni juu yake kadiri mnavyoweza, kwa maana maji hunyonya joto la mwili haraka mara nyingi kuliko hewa. Mkishindwa kupanda, kumbatianeni na watoto wawe katikati. Ufukwe unaoonekana uko karibu hukudanganya. Kwenye hewa safi ya mlimani umbali hupungua machoni. Kila jaketi liwe na filimbi iliyofungwa kwa kamba, kwa sababu sauti ya mtu anayetetemeka haifiki mbali.

Usiku watoto walitetemeka ingawa tuliwarundikia mablanketi. Mwaka huu tunafikiria kuingiza jiko la mkaa hemani kabla ya kulala, kisha tulitoe. Unasemaje? – Mama na baba, wazazi wa mara ya kwanza kambini

Nasema tafadhali msifanye hivyo. Si jiko la mkaa, si la gesi, si makaa "yaliyokaribia kuzimika". Moto wowote ndani ya hema hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Mtu huanza kuumwa kichwa, anadhani ni uchovu wa safari, anajilaza, na haamki. Kuacha mlango wa hema wazi kidogo hakutoshi, na kulitoa jiko baadaye kunategemea kwamba nyote mtakuwa macho wakati huo. Familia nzima zimepotea hivyo, zikiwa zimelala vizuri kama zinavyolala siku zote. Hili ndilo jibu ambalo nisingependa mlisahau hata mkisahau mengine yote.

Baridi yenyewe ina dawa, na mara nyingi kosa liko chini, haliko juu. Ardhi ndiyo inayowaibia watoto joto. Blanketi au begi la kulalia likikandamizwa na uzito wa mwili hupoteza hewa iliyomo, na hewa hiyo ndiyo inayohifadhi joto. Chukueni nusu ya yale mablanketi myatandike chini ya watoto, juu ya godoro la sponji au mkeka mnene. Wabadilisheni nguo zote kabla ya kulala, hata soksi, maana nguo za mchana zina jasho. Wavae kofia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi, ikiwekwa miguuni, hufanya kazi ambayo jiko lingefanya. Na acheni tundu za juu za hema wazi hata kama kuna baridi; pumzi za watu wanne zikikosa pa kutokea hugeuka matone, na matone hayo alfajiri yanawadondokea usoni.

Hema tulipige karibu na maji kiasi gani? – Babu wa wajukuu watano

Shikamoo, babu. Si karibu kama wajukuu watakavyotaka. Rudi nyuma hatua kama 80, mita 60 hivi, kisha tafuta pa juu kidogo. Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka na kutuama mabondeni kama maji, na hema lililo kwenye shimo zuri kando ya ziwa hulala kwenye baridi kuliko lililo mita chache juu yake. Angalia pia juu ya kichwa: tawi kavu lililoning'inia mtini halihitaji upepo mwingi. Usipige kambi kwenye mkondo mkavu wa kijito, hata kama mchanga wake ni laini. Mvua ikinyesha mlimani usikokuona, maji yatakufikia bila wingu hata moja juu yako.

Umbali huohuo wa mita 60 utumike kwa choo, mkikosa cha kambini: shimo la sentimita 15 hadi 20, lifukiwe. Na vyombo vioshwe mbali na ziwa, hata kwa sabuni inayosifiwa kwamba inaoza yenyewe. Inaoza kwenye udongo. Ziwani inabaki ni sabuni.

Maji yanaonekana mpaka chini. Tunaweza kunywa? – Kijana wa chuo

Chemsha. Uangavu hauoneshi vimelea kama Giardia, wanaotokana na kinyesi cha wanyama na watu. Maji yakishatokota, yaache yatokote dakika 1. Mkiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Kule juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 hutokota kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana pia maharage yenu hayaivi.

Mama mkwe ana miaka 68, ana afya, anataka kuja. Ziwa liko mita 2,900. Tunaye pia mtoto wa miezi kumi. Nani nimhofie? – Mkwe mwenye mawazo

Mtoto zaidi, kwa sababu moja: hawezi kukuambia kichwa kinamuuma. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500, saa chache baada ya kufika. Mkubwa atalalamika kichwa, kichefuchefu, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu. Mtoto mchanga atalia bila kubembelezeka, atakataa kunyonya. Hauchagui umri wala ubavu. Vijana wenye nguvu huugua kwa sababu hupanda kwa pupa. Mama mkwe amwone daktari wake kabla ya safari, hasa kama ana tatizo la moyo au mapafu, na mtoto vilevile.

Mkiweza, laleni usiku mmoja au miwili katikati ya njia. Siku ya kwanza ziwani msipande popote, pigeni mahema mkae. Akiumwa mtu, asipande juu zaidi. Asipopata nafuu, ashuke. Akiyumbayumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema akiwa amekaa tu, mteremsheni saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Kushuka ndiyo dawa. Mwili huzoea ukipewa muda. Kandokando ya Ziwa Titicaca la Amerika Kusini, lililo mita zipatazo 3,800 juu ya usawa wa bahari, watu huzaliwa na kuzeeka.

Ngurumo ikisikika tukiwa majini? – Bila jina

Mmechelewa kidogo tayari. Rudini nchi kavu kwa njia fupi kuliko zote, kisha ingieni kwenye gari lenye paa la chuma au jengo imara. Hema si kinga, wala mti mrefu uliosimama peke yake. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndipo mrudi majini. Watoto watanung'unika kwamba jua limeshatoka. Hesabuni dakika zenu.

Binti yangu wa miaka 14 hataki kuja. Anasema ziwa halina mtandao na hakuna cha kufanya. Nimlazimishe? – Mama aliyechoka kubishana

Mchukue, dada, lakini usimchukue kama mzigo. Mpe kazi ambayo asipoifanya itaonekana. Wangu nilimkabidhi usukani. Nilimwambia, wewe ndiye unayesoma upepo. Ukisema tugeuze, tunageuza, hakuna mjadala. Siku ya kwanza alikaa tezi, yaani nyuma ya mashua, amenuna, mikono kwenye mifuko ya jaketi. Siku ya pili alikuwa ameamka kabla yangu. Nilimkuta amesimama ukingoni, tochi ya kichwani bado inawaka ingawa kumeshapambazuka, amelowesha kidole na kukiinua juu. Akanionesha upande wa pili wa ziwa, maji yalikokuwa yameanza kubadilika rangi na kuwa meusi kwa vijikunyanzi vya upepo wa kwanza. Akasema, "Leo upepo umewahi. Saa 4 tuwe tumerudi."

Tulirudi saa 4 kasoro.