Maswali yenu ya teknolojia: Kwenye kikao walipiga makofi, stendi wateja wanakimbia

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni kijana niko Morogoro, nimetengeneza websaiti ya kukatia tiketi za mabasi, kuna mzee hapa ana gari tatu zinaenda Dodoma ndo kanipa kazi. Mwezi uliopita niliipeleka Dar kwenye kikao cha wanateknolojia, tulikuwa kama watu arobaini hivi, walipiga makofi wakasema dizaini kali. Nimerudi huku wateja wanaingia, wakifika kwenye fomu wanatoka, wengine wananipigia niwakatie mimi mwenyewe, na wawili wamekosa gari kabisa. Nimebadilisha rangi mara tatu. Linki nimekutumia. Shida nini? Na hivi vikao vina faida kweli au tunapotezeana muda tu?
– Fundi wa Msamvu

JIBU: Mdogo wangu, linki nimeifungua kwa simu yangu ndogo nikiwa nimesimama kituoni juani, makusudi, maana abiria wako wengi ndo wataifungua hivyo. Nianze na hao wawili waliokosa gari, hilo limeniuma. Umeandika gari linaondoka "saa 6:00 asubuhi". Asubuhi hakuna saa sita. Gari la alfajiri kwetu ni saa kumi na mbili, saa sita ni mchana au ni usiku wa manane, basi. Naona programu uliyochukua ilikuja na saa za Kizungu, we ukatafsiri lile neno la mwisho likawa asubuhi ila namba ukaiacha kama ilivyokuwa, sasa mtu akisoma anaona sita anajua ni mchana, hilo neno asubuhi anadhani limekosewa tu, anakuja saa tano na nusu na begi lake na kuku wake kumbe gari lishafika Dodoma zamani. Andika "saa 12:00 asubuhi" na pembeni weka 06:00, zote mbili, na kwenye meseji ya tiketi uandike hivyohivyo.

Haya tuje kwenye fomu. Umeomba jina la kwanza, la kati, la ukoo, imeili, tarehe ya kuzaliwa na neno la siri, na mtu anaenda Dodoma kumwona mgonjwa! Nenda pale Msamvu kasimame karibu na dirisha la mkata tiketi usikilize anauliza nini: jina nani, namba ya simu, unashukia wapi, leta hela. Kama yeye na peni yake anamaliza kwa maswali matatu, websaiti yako ina haki gani ya kuuliza yote hayo? Imeili ndo usiseme, watu wengi imeili zao zilifunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua simu, hawaijui wala hawajawahi kuiona.

Halafu namba ya simu. Niliandika kwa kuanza na sifuri ikakataa, nikaweka 255 ikakataa, kumbe inataka alama ya kujumlisha mbele, na ujumbe wa kosa umeuweka juu kabisa ya ukurasa kwa Kiingereza wakati mimi niko chini nabonyeza kitufe naona hakiitiki. Mtu aandike namba anavyoijua yeye, ianze na 07 au 06 au 255, iwe na nafasi katikati au isiwe nayo, kuipanga ni kazi ya kompyuta siyo ya abiria. Kosa liandike palepale chini ya kiboksi chenye kosa, na useme afanyeje. Na hicho kiboksi kwenye HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za websaiti, kipe aina ya tel, kibodi ya namba itafunguka yenyewe.

Kingine, yale maandishi ya kijivu ndani ya viboksi. Mtu akianza kuandika yanapotea, akipigiwa simu katikati akirudi hajui pale alikuwa anajaza nini. Weka lebo juu ya kiboksi ibaki hapo. Na kijivu chenyewe juani sikukiona kabisa, mwongozo wa kimataifa wa WCAG, ule wa kufanya websaiti itumike na kila mtu hata asiyeona vizuri, unataka tofauti kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, na vipimio vya bure vipo mtandaoni, unaweka rangi zako mbili kinakupa jibu. Kwa hiyo ukibadilisha rangi kwa mara ya nne, badilisha kwa sababu hiyo.

Sasa vikao. Hapana, usiache kwenda, na wale arobaini hawakukudanganya. Walichokiona kwenye projekta kilikuwa kizuri kweli, ila ukumbini kuna wifi na kivuli, anayebonyeza ni wewe uliyeitengeneza na unajua kila kitu kilipo, na katika watu arobaini hakuna hata mmoja aliyekata tiketi. Walikupa walichonacho, wamekufundisha mambo ya seva na programu, hayo wanayajua. Kama mama wa Msamvu ataelewa au hataelewa, hilo wasingeweza kukuambia, na wala mimi siwezi, mi nimeona tu makosa ya wazi. Atakuambia yeye mwenyewe, tena siyo kwa mdomo, kwa kidole chake.

Kuna mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia websaiti anaitwa Jakob Nielsen, wa Denmark, mwaka 2000 aliandika kitu ambacho mpaka leo watu wa kazi hii wanakitumia: ukiwapa watu watano tu waitumie websaiti yako huku unawatazama, utaona kama asilimia 85 ya matatizo yake, maana kwa hesabu yake mtu mmoja anafichua kama asilimia 31 na wanaofuata wanarudia mengi ya yuleyule. Kwa hiyo kama una uwezo wa watu kumi na tano usiwachukue siku moja, chukua watano, rekebisha, chukua wengine watano, rekebisha tena. Watano Msamvu unawapata kabla chai haijapoa.

Mpe mtu simu, ikiwezekana yake mwenyewe na ulipie bando, mwambie "kata tiketi ya kesho kwenda Dodoma", halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu. Mi nilishakaa na mama yangu mdogo, kule Mbagala, akijaza fomu ya kampuni moja kwenye simu, ilikuwa inambania kwenye tarehe ya kuzaliwa maana kalenda ilifunguka mwaka huu na yeye kazaliwa 1961, akawa anarudisha nyuma mwezi mmoja mmoja. Mwezi mmoja mmoja jamani! Ulimi uliniwasha kumwambia bonyeza pale juu kwenye mwaka, ila nikajizuia, na alipofika kama 2014 akaweka simu mezani akasema "mi mambo haya siyawezi". Hapo nililia kidogo, nakuambia ukweli. Yeye anaweza, ana biashara ya vitenge miaka yote hiyo na hesabu zote ziko kichwani, aliyeshindwa ni aliyeweka ile kalenda badala ya viboksi vitatu vya siku, mwezi na mwaka. Ningemsaidia kwa haraka nisingelijua hilo.

SWALI: Habari dada. Tuko wanne hapa Mwanza, wawili madevelopa, mmoja anasoma chuo na mmoja fundi simu, tunataka kuanzisha kikundi cha kukutana kila mwezi ila ukumbi wanataka hela na projekta hatuna. Tusubiri mfadhili?
– Wanne wa Nyakato

JIBU: Msisubiri. Wanne mnatosha na huyo fundi simu ndo dhahabu yenu, anaona kila siku watu wanakwama wapi na simu zao. Chagueni siku moja isiyohama, tuseme Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hata mkiwa wawili mkutane, kikundi kinakufa pale siku inapoanza kuhamishwahamishwa. Ulizeni chuoni kama kuna darasa linakaa wazi wikiendi. Na projekta haihitajiki, kila mwezi mmoja wenu alete kitu alichotengeneza na mwalike watu watano wasiohusika na kompyuta kabisa, mama lishe, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu, wakitumie na nyie mtazame. Wapeni nauli na soda, wamewapa muda wao. Waombeni ruhusa kabla ya kurekodi, na msimruhusu mtu aingize namba yake ya siri ya kweli mbele yenu hata kama anawaamini.

Vikundi vya namna hii vipo, iHub ya Nairobi iliyofunguliwa 2010 ilikuwa na maabara yake kabisa ya kupima programu na watumiaji, Dar kuna Buni Hub pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama, Mombasa kuna Swahilipot, waandikieni muulize walianzaje. Na kama mnataka tarehe ya uzinduzi, kila mwaka Alhamisi ya pili ya Novemba dunia nzima inaadhimisha siku ya urahisi wa matumizi, World Usability Day, iliyoanza 2005. Ila kama Novemba iko mbali anzeni tu Jumamosi hii.

SWALI: Bosi anataka programu yetu iwe ya Kiswahili, mi naona itachekesha. "Wasilisha", "ghairi", nani anaongea hivyo?
– Asiyetaka kutajwa, Tanga

JIBU: Kiswahili hakichekeshi ndugu yangu, kinachochekesha ni tafsiri ya neno kwa neno. Watu wanatuma hela na kulipa kwa Kiswahili kwenye simu zao miaka na miaka, "tuma pesa", "lipa", na hakuna anayecheka. Kitufe kiseme kinachotokea ukikibonyeza, badala ya "wasilisha" andika "Lipa 18,000", mtu anajua hela inaondoka sasa hivi. "Ghairi" peke yake siyo mbaya, ubaya unakuja pale mnapouliza "Je, unataka kughairi safari?" halafu vitufe viwili chini ni "Ghairi" na "Sawa", hapo hata mimi sijui nibonyeze kipi, nikibonyeza Ghairi naghairi safari au naghairi kughairi? Andika "Futa safari" na "Hapana, nasafiri". Ukishabadilisha hivyo vitufe, mpe dada wa mapokezi hapo kazini kwenu simu na usimwambie kitu, uone kama atacheka.