Rwenzori kwa siku 6: ndugu, usitume hizo pesa

Ndugu uliyeuliza, ngoja kwanza. Umesema unatoka hapa Goma kwenda kupanda Rwenzori upande wa Uganda, kwa mlango wa Nyakalengija. Unataka kujua vilele utakavyoviona njiani, viatu vya kuvaa na kamera ya kubeba. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba komisyoneri, yaani dalali wa safari, amekupa ratiba ya siku 6 na usiku wa 3 mtalala Elena, kambi ya juu kabisa kabla ya kilele. Hapo moyo ulinilipuka. Ratiba hiyo hiyo niliilipia mimi kwa akiba ya miaka 2.

Maneno aliyokuambia pia ndiyo niliyoambiwa: "Wewe ni mtu wa Goma, volkano ya Nyiragongo umeshapanda, mwili umezoea." Uongo mtupu! Goma tunaishi kwenye mita 1,500 hivi. Nyiragongo ina mita 3,470: unapanda mchana, unalala usiku mmoja pale juu ukitetemeka, asubuhi unateremka kwenye makoro, yale mawe ya volkano, kurudi Kibati ulikoanzia. Ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kushindwa na hewa nyepesi ya huko juu, mara nyingi huanza masaa 6 hadi 12 baada ya kufika juu. Wengi wetu tunakuwa tumeshashuka kabla haujatushika vizuri, basi tunajiona mashujaa.

Sasa piga hesabu. Kambi ya John Matte, mtakapolala usiku wa 2, iko kama mita 3,500. Inayofuata ni Bujuku, kama 3,960, halafu Elena, 4,541. Ratiba yako inairuka Bujuku. Maana yake, kutoka kitanda cha jana hadi cha leo umepanda zaidi ya mita 1,000, tena baada ya kutwa nzima ya matope.

Mimi kichwa kilianza kuniuma Elena saa 1 jioni. Nikameza vidonge vya kichwa nilivyopewa na yule yule komisyoneri ("ukisikia kitu, meza hivi"). Maumivu yakanyamaza, ugonjwa ukaendelea. Chai niliyokunywa ikarudi yote. Saa 9 usiku, wenzangu wanafunga vyuma vya kukanyagia barafu, mimi nimeshika kamba za kiatu na vidole havijui tena fundo linafungwaje. Nilizitazama zile kamba kama kitu kigeni.

Kiongozi wetu, mzee wa Kikonzo, aliniona. Mimi ni Mnande, lugha zetu zinasikilizana, akanisemesha taratibu: "Mwanangu, tembea juu ya huu ufa wa jiwe, kisigino kiguse kidole." Hatua ya 3 nikaanguka ubavu. Hakubishana nami. Alinishika mkono tukashuka usiku ule ule hadi Bujuku, na namshukuru hadi leo, kwa sababu mtu akianza kuyumba na kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, ubongo au mapafu yanaweza kuwa yanavimba maji. Hapo dawa ni kushuka, usingoje kupambazuke.

Kulipokucha mawingu yalifunguka. Kwa juu yetu mlima Stanley, wa 3 kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya, ulikuwa wazi wote na barafu yake, na kilele chake cha Margherita, mita 5,109. Mpaka wetu na Uganda unapita pale pale. Nilikitazama kilele hicho nimekaa chini, natapika.

Kwa hiyo vilele utaviona, ndiyo. Toka Nyabitaba, kambi ya kwanza, unaviona vilele vya Portal Peaks. Pale Bujuku umezungukwa: Stanley, Speke yenye mita 4,890, na Baker. Ukivuka kipito cha Scott Elliot unashuka kwenye maziwa ya Kitandara, na mlima Luigi di Savoia uko mbele. Mlima Emin uko upande wetu wa Kongo. Lakini milima hii siku nyingi imejifunika, na mara nyingi inafunguka alfajiri tu. Mwenye haraka huona ukungu na senesio, ile mimea mikubwa ya mlimani. Mwenye siku za ziada ndiye huiona milima.

Kanuni ninayokuomba uishike: ukipita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa mita 500 hivi, na kila siku 3 au 4 lala usiku wa pili mahali pale pale. Kwa njia hii, lala usiku 2 Bujuku kabla ya Elena. Siku 8, bora 9. Siku za ziada zitakugharimu, ndiyo. Mimi pesa ya kilele sikurudishiwa hata faranga.

Viatu: mabuti ya mpira, matope ya Bigo, kinamasi cha kabla ya Bujuku, yanafika magotini.

Mwandikie komisyoneri leo usiku, umuulize swali moja tu: "Bujuku tunalala usiku mara ngapi?" Nitumie jibu lake hapa kabla hujalipa.