Kabla Hujaifungua Maikrofoni ya Bei Nafuu

Maikrofoni za kondensa za bei nafuu zimejaa Dar es Salaam. Ukizunguka maduka ya vifaa vya muziki Kariakoo utazikuta zimepangwa ndani ya maboksi yanayometameta, na nyingine huagizwa mtandaoni moja kwa moja kutoka China. Wenye nazo wengi ni vijana wanaorekodi vyumbani mwao, iwe ni Bongo Fleva, singeli, kaswida au vipindi vya mazungumzo. Kwa muda ambao nimekuwa nikirekodi waimbaji katika chumba changu cha Tabata na kufungua maikrofoni ambazo watu huniletea wakidai kuwa ni mbovu, nimefikia msimamo mmoja ambao ndio kiini cha makala haya: maikrofoni ya namna hii haifai kuguswa na chuma cha kusolda mpaka mwenye nayo aweze kusema, kwa sentensi moja, ina ugonjwa gani. Intaneti imejaa maelekezo ya kubadilisha vipuri, lakini mengi yanaanza na dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Jambo la kwanza ni kujua una maikrofoni ya aina gani. Kondensa ya kweli ina kiwambo chembamba sana cha plastiki kilichopakwa tabaka la dhahabu, kilichowambwa mbele ya bamba la chuma, na vitu hivyo viwili kwa pamoja hufanya kapasita, yaani kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme, ambayo thamani yake hubadilika kila sauti inapokitikisa kiwambo. Ili ifanye kazi, bamba au kiwambo lazima kipewe volti kutoka kwenye sakiti, mara nyingi kama 60 hivi. Aina ya pili, elektreti, ambayo Gerhard Sessler na James West waliivumbua katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1962, huwa imeshatiwa chaji ya kudumu kiwandani, kwa hiyo haihitaji volti hiyo. Zile zinazouzwa kwa jina la BM-800, ambazo hutengenezwa na viwanda vingi tofauti, kwa kawaida zina kapsuli (sehemu yenye kiwambo inayopokea sauti) ndogo ya elektreti ndani ya umbo kubwa linaloigiza maikrofoni za studio. Mulika tochi kupitia wavu: ukiona duara la dhahabu lenye upana wa takriban milimita 32 hadi 34, unayo kapsuli kubwa, ukiona kitu kidogo kama sarafu kimesimama peke yake katikati ya nafasi tupu, basi umbo lile ni mapambo. Elektreti si aibu, maana simu nyingi ziliishi kwa teknolojia hiyo kwa miongo, lakini si busara kuigharamia kapasita za bei mbaya.

Baada ya hapo, pima umeme. Maikrofoni hizi hulishwa na umeme wa fantomu, yaani volti 48 ambazo kadi ya sauti huzipeleka kupitia kebo ileile inayorudisha sauti. Kiwango hicho kilizoeleka tangu mwaka 1966, kampuni ya Neumann ya Berlin ilipotoa KM 84 kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway, ambayo tayari ilikuwa na mfumo wa volti 48 kwa taa zake za dharura. Hivyo namba tunayoiheshimu leo ilitokana na taa, wala haikutokana na hesabu yoyote ya sauti. Chukua mita ya fundi, washa fantomu bila kuchomeka maikrofoni, kisha pima kwenye plagi ya kebo yenye pini tatu zilizopewa namba, kati ya pini ya 1 na ya 2, halafu kati ya 1 na 3. Pini zote mbili zinapaswa kusoma kati ya volti 44 na 52, na zikaribiane sana. Nimekutana na visanduku vya bei rahisi vilivyoandikwa 48 kwa herufi kubwa huku vikitoa volti chache mno, na mwenye maikrofoni alikuwa tayari ameshanunua transista, kile kipuri cha ndani kinachopokea sauti ya kapsuli, ili aibadilishe. Kadhalika, wale wanaoichomeka kondensa kwenye tundu dogo la kompyuta wanaipa volti chache ambazo elektreti huweza kuishi nazo kwa taabu, ilhali kondensa ya kweli haiwezi kabisa.

Mvumo wa umeme nao huwatesa wengi, na mara nyingi maikrofoni haina hatia. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato uache betri ifanye kazi. Mvumo ukikoma, tatizo ni chaja, au nyumba isiyo na waya wa ardhi ulio sawasawa, jambo ambalo si geni katika nyumba zetu za kupanga.

Sasa isikilize maikrofoni yenyewe. Tafuta saa ambayo mtaa umetulia, na Dar es Salaam saa hiyo ni baada ya bajaji kupungua na kabla ya adhana ya alfajiri. Zima feni, uifunike maikrofoni kwa blanketi, pandisha gain (kiwango cha kukuza sauti) kufikia unapoiweka kwa mwimbaji wa sauti ndogo, kisha rekodi ukimya kwa dakika moja. Utakachosikia ni kelele ya ndani. Maikrofoni za kiwango cha chini huwa na kelele ya desibeli 16 hadi 20 na zaidi kwa kipimo A, kinachofuata usikivu wa sikio, wakati Neumann U 87 ya sasa ina 12. Kwa mwimbaji anayesimama karibu, tofauti hiyo haina madhara. Kwa gitaa la nyuzi za nailoni au hadithi inayosomwa kwa upole, ina madhara. Usikilize pia namna ya kelele hiyo, maana sauti laini ya «shhh» inayolingana ni ya kawaida, bali milio inayokatika-katika kama mafuta yaliyodondokewa maji ni dalili ya jambo jingine nitakalolieleza punde.

Kisha mweke mtu umbali wa shubiri moja, asome sentensi zenye sauti zinazoifichua maikrofoni. Mimi hutumia hizi mbili: «Shangazi Saada amesahau sufuria sita sokoni Sinza», na «Bibi Pili apika pilau ya pweza pembeni mwa Pwani». Ya kwanza huonyesha ukali wa masafa ya juu, ya pili huonyesha jinsi pumzi inavyokipiga kiwambo. Mwambie arudie akiwa nyuma ya maikrofoni ili ujue inakataa sauti za nyuma kwa kiasi gani. Halafu igonge kwa ukucha kwenye bomba lake; bomba likilia kama kengele, mlio huo utaingia ndani ya sauti ya mwimbaji vilevile. Unapolinganisha maikrofoni mbili, hakikisha ukubwa wa sauti ni sawa katika programu ya kurekodia, kwa kuwa sikio huipendelea iliyo na nguvu zaidi hata kwa desibeli moja, na hapo ndipo mabishano mengi ya maprodyuza huzaliwa.

Kasoro nitakayoizungumzia kwa kirefu ni ule ukali wa «s» unaochoma, kwa sababu ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Kapsuli nyingi kubwa za kichina zimenakili umbo la kapsuli ya Neumann iliyotumika katika U 67 ya mwaka 1960 na baadaye, ikiwa na mabadiliko, katika U 87 ya mwaka 1967. Kapsuli ile kwa asili huinua masafa ya juu kwa desibeli kadhaa, hasa kati ya kilohezi 8 na 12. Wahandisi wa Berlin walilijua hilo, wakaweka ndani ya sakiti njia ya kurudisha sehemu ya mawimbi nyuma ili kuyapunguza masafa hayohayo, na matokeo yake yakawa sauti iliyosawazika. Watengenezaji wa bei nafuu waliichukua kapsuli wakaiacha sakiti. Badala yake walitumia sakiti nyepesi isiyo na transfoma, iliyoigwa kutoka kwa Schoeps, kampuni nyingine ya Ujerumani, ambayo hupitisha kila kitu kama ilivyokipokea. Hivyo unachokisikia katika maikrofoni hizo ni kapsuli iliyonyimwa mwenzake. Transista iliyomo inaweza kuwa nzuri kabisa, na kapasita pia, na bado mwimbaji akachoma masikio.

Ukiujua mzizi huo, njia za kuutibu ni tatu tu, na ninazipanga kwa gharama. Ya kwanza haigharimu kitu: shusha kwa ikwalaiza desibeli tatu au nne kwa mteremko mpana kuanzia kama kilohezi 7, usikilize. Ikiwa sauti imetulia na umeipenda, umekwisha kuthibitisha ugonjwa, na kwa watu wengi safari inaishia hapo, kwani ikwalaiza hufanya kazi ileile ambayo sakiti ingeifanya. Ya pili ni kuongeza kapasita ndogo ndani ya sakiti ili ipunguze masafa ya juu. Thamani yake hutegemea rezista (vipuri vinavyokinza umeme) zilizopo, kwa hiyo usinakili namba ya maikrofoni nyingine, bali mpe kazi hiyo fundi anayeweza kuisoma sakiti yako. Ya tatu ni kubadilisha kapsuli kwa nyingine isiyoinua masafa ya juu kiasi hicho, hasa zile zinazofuata umbo la kapsuli ya U 47 ya mwaka 1949. Hayo ndiyo mabadiliko pekee ambayo nimeona yakimfanya mtu asiyejua lolote kuhusu vipuri aulize kama nimenunua maikrofoni mpya.

Jambo la pili ambalo maelekezo ya ughaibuni hayalipi uzito ni unyevu. Kapsuli ya kondensa huunganishwa na transista kupitia sehemu yenye ukinzani mkubwa mno, mara nyingi rezista ya gigaomu 1, yaani omu bilioni moja. Kwenye ukinzani wa kiwango hicho, utando wa unyevu juu ya sakiti, au mabaki ya dawa ya kusolda yaliyofyonza hewa ya bahari, huwa njia ya pembeni ambayo chaji huvujia. Ndiyo ile milio inayokatika-katika niliyoitaja. Kikundi kimoja cha kaswida kiliniletea maikrofoni ambayo ilikuwa ikikatakata kila masika na kupona yenyewe kiangazi kikija, na fundi mmoja alikuwa ameshawaambia kapsuli imekufa. Niliiweka siku kadhaa ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kisha nikaisafisha sakiti, na imekuwa ikifanya kazi tangu hapo.

Usafishaji wenyewe ni huu. Zima fantomu, chomoa kebo, subiri dakika chache chaji iishe. Fungua bomba, tafuta mahali waya wa kapsuli unapokutana na rezista kubwa na mguu wa transista, na usafishe hapo kwa alkoholi safi ya isopropili na brashi laini, bila kupagusa kwa vidole baadaye, kwa kuwa jasho lina chumvi. Kiwambo chenyewe usikiguse kwa kitambaa, wala usikipulizie kwa mdomo. Mate yakishakauka juu ya dhahabu, kuyaondoa bila kuichubua ni kazi ya mtaalamu. Ndiyo sababu ninasisitiza kichuja pumzi, hata kama ni soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye kitanzi cha waya. Angalizo moja: kama maikrofoni yako ni ya valvu na ina kisanduku chake cha umeme, usiifungue hata kidogo, maana ndani yake kuna volti zinazozidi mia moja.

Marekebisho mengine nitayapitia haraka. Bomba linalolia hutulizwa kwa vipande vya mpira au lami laini ya kubandika ndani ya ukuta wake, mbali na sakiti, na ni kazi ya nusu saa yenye faida ya wazi. Wavu wenye matabaka matatu mara nyingi husikika vizuri zaidi tabaka la ndani likiondolewa, kwa kuwa sauti hupungua kudundadunda ndani yake, ingawa pumzi na mawimbi ya simu hupata mwanya zaidi. Kapasita ya kauri inayopitisha sauti, ikiwa si ya C0G, daraja la kauri isiyoyumba, inastahili kubadilishwa na ya filamu, ila tofauti yake ni ndogo kuliko inavyosifiwa, na sioni sababu ya kuanza nayo.

Ukishafunga, rudia sentensi zilezile, kwa gain na umbali uleule, na mtu yuleyule, kisha uliza mtu mwingine achague bila kujua ipi ni ipi. Kuhusu fedha, ninamshauri mtu aorodheshe bei ya kapsuli mpya, usafirishaji na ufundi, aifananishe na bei ya maikrofoni iliyotumika ya daraja la juu yake. Hesabu ikimkataa, aiache ile kali ilivyo na aichagulie kazi: sauti nzito ya kiume iliyojificha kifuani huitoa mbele vizuri, na udi wa taarab, ambao kwa maikrofoni tulivu huzama chini ya fidla, hupata makali ya kusikika.