Bustani ya mboga ya kiangazi, Dar es Salaam

Kwa familia ya watu watano na eneo la mita 3 kwa 4, anza na mchicha, matembele na bamia. Nyanya ziache kwanza: usiku ukiwa na joto kali maua hupukutika bila kushika matunda.

Usiinue matuta. Kiangazi hukauka upesi. Chimba majaruba yaliyozama sentimita 10, upana mita 1, ili ufikie katikati bila kukanyaga udongo. Changanya debe 1 la samadi kwa kila mita ya mraba. Iwe imeoza kabisa. Mbichi huunguza miche na kuleta magugu.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga, zisie kwenye mistari ya sentimita 20 na kuzifukia kidogo tu. Zikienda chini sana hazioti. Usisie zote siku moja! Sia theluthi kila baada ya wiki mbili, la sivyo mtakula mchicha mwezi mmoja kisha mrudi gengeni.

Bamia loweka usiku kucha, nafasi sentimita 60 kwa 30. Matembele panda vipande vya shina vya sentimita 30 tu. Mwagilia asubuhi na jioni, tandaza nyasi kavu.